Kilio cha Mtoto Mchanga Kabla na Baada ya Arobaini: Mwongozo Kamili kwa Wazazi wa Tanga

Mtoto mchanga akilia jioni baada ya jioni, nyumba nyingi za Tanga huanza kumtafuta mkosaji: maziwa ya mama ni mepesi, mama amekula kunde, mtoto ametolewa nje mapema, kuna mgeni aliyemtazama kwa jicho lisilo zuri, au chango limeamka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mama aliyejifungua karibuni, baba wa mtoto, na bibi au shangazi aliyekuja kusaidia, na jambo kubwa ninalotaka walishike ni kwamba kilio cha miezi mitatu ya mwanzo kina kalenda yake, tena kalenda hiyo hugongana na arobaini yetu. Anayeijua kalenda hiyo hupata utulivu wa kufanya mambo mawili yenye maana, yaani kumkagua mtoto kwa makini na kumbeba, badala ya kuhangaika na dawa zisizohitajika.

Kalenda ya kilio

Mtoto aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi yake huwa mtulivu kiasi katika wiki mbili za kwanza, na hapo ndipo jamaa wanapomsifu kuwa ni mpole. Baada ya hapo kilio huongezeka, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi mwezi wa tatu au wa nne. Daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, aliwaomba akina mama 80 waandike kila mara watoto wao walipolia, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1962, watoto wazima wa wiki sita walikuwa wakilia kwa kiasi cha kati cha karibu saa mbili na dakika 45 kwa siku, na sehemu kubwa ya kilio hicho ilikuwa jioni. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, wiki hizo sita huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na si tarehe aliyozaliwa.

Sasa tufanye hesabu. Arobaini ni siku 40, na wiki sita ni siku 42. Maana yake ni kwamba kilio hufika juu kabisa katika siku zilezile ambazo mama anatolewa nje, wageni wanamiminika kumwona mtoto, bibi aliyekuwa akisaidia anarudi kwake Pangani au Muheza, na mtoto anapelekwa kliniki kwa chanjo ya wiki ya sita. Haishangazi basi kwamba macho ya wageni, upepo wa nje na sindano ya kliniki vyote hulaumiwa. Chanjo inaweza kumfanya mtoto alie na kupata joto kidogo kwa siku moja au mbili, lakini kilio kinachoendelea wiki nzima kila magharibi kingekuja hata kama mtoto asingetoka chumbani. Vilevile wengi kwetu huamini kuwa magharibi ni saa ya mashetani, na imani hiyo hupata nguvu kwa sababu ndiyo saa ambayo vichanga wa kila mahali duniani hulia zaidi.

Watu wa pwani hukiita kilio hicho chango. Daktari Morris Wessel na wenzake mwaka 1954 walikiwekea kipimo ambacho bado kinatajwa: mtoto anayekula na kukua vizuri, lakini analia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Hukunja miguu, hukaza ngumi, uso huwa mwekundu au mweusi zaidi, na tumbo huwa gumu. Mzazi akiona hivyo hudhani kwamba lazima tumbo linauma, ilhali mtoto yeyote anayelia kwa nguvu hukaza tumbo na kumeza hewa, hata kama alianza kulia kwa sababu nyingine kabisa.

Hatua ya kwanza: hakikisha si ugonjwa

Kabla ya kubembeleza, mvue mtoto nguo zote mahali penye mwanga na umkague kuanzia utosini hadi nyayoni. Kazi hii ni ya dakika tano, na naisisitiza kuliko nyingine zote kwa sababu hapa ndipo maisha ya mtoto huokolewa.

Utosi uguse kwa ncha za vidole mtoto akiwa ameinuliwa na ametulia: ukiwa umebonyea, huenda amepungukiwa maji, na ukiwa umevimba na kukaza, ni jambo la kwenda hospitali mara moja. Tazama mdomoni kama kuna utando mweupe usiofutika kwenye ulimi na mashavu kwa ndani, kwa kuwa fangasi hao humfanya mtoto alie kila anaposhika ziwa. Tazama kitovu kama kimekuwa chekundu pembeni au kinatoa usaha. Tazama kinena na pumbu kama kuna uvimbe mgumu usiorudi ndani, ambao unaweza kuwa ngiri iliyobanwa na huhitaji daktari siku hiyohiyo. Kisha tenganisha vidole vya mikono na miguu kimoja kimoja. Nywele za mama hupukutika sana katika miezi baada ya kujifungua, na unywele mmoja au uzi wa soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu, au kwenye uume wa mtoto wa kiume, ukakaza mpaka kidole kikavimba na kubadilika rangi, huku nyumba nzima ikimpaka mafuta tumboni. Ukiuona unywele huo na ukashindwa kuutoa kwa urahisi, usichezechezee kwa wembe, bali mpeleke kituo cha afya.

Pima joto kwapani kwa kipimajoto. Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, joto la nyuzi 37.5 au zaidi ni dalili ya hatari, na chini ya nyuzi 35.5 pia ni dalili ya hatari, na wala usimpe paracetamol nyumbani ukasubiri asubuhi. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili akiwa ametulia: zikifika 60 au kuzidi, pumzika kidogo uhesabu tena, na zikibaki hivyo mpeleke hospitali. Dalili nyingine zisizosubiri ni mtoto kukataa ziwa au kunyonya kwa udhaifu, kifua kuingia ndani anapovuta pumzi, kulegea na kusogea pale tu anaposhtuliwa, viganja na nyayo kuwa vya manjano, matapishi ya rangi ya kijani, na degedege. Juu ya degedege kuna imani ya zamani katika pwani yetu kwamba mtoto akichomwa sindano akiwa katika hali hiyo atakufa, na kwa hiyo aanzie kwa mganga. Imani hiyo inapoteza saa ambazo mtoto hana, kwa sababu degedege linaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na yote mawili hutibiwa hospitalini.

Kuna kilio kimoja zaidi cha kukikariri, hasa kwa mtoto wa miezi mitatu hadi tisa: analia ghafla kwa uchungu mkali akikunja miguu, ananyamaza na kulegea kwa dakika kadhaa, kisha analia tena vilevile, na hatimaye anatapika au anapata choo chenye damu na makamasi. Hiyo inaweza kuwa sehemu ya utumbo iliyojiingiza ndani ya nyingine. Kwa mtoto huyo nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, kwa kuwa anaweza kuhitaji upasuaji. Kwa mengine ya kawaida, vituo vya afya kama Makorora, Ngamiani na Pongwe viko karibu na watu na vinaweza kumpima mtoto na kumpa rufaa.

Hatua ya pili: ziwa kabla ya kilio

Kilio ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla yake mtoto hugeuza kichwa huku na huku, hufungua mdomo, hutoa ulimi na kutia ngumi kinywani, na akipewa ziwa wakati huo hulishika vizuri zaidi kuliko akiwa tayari anapiga kelele. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na jioni anaweza kutaka ziwa kila baada ya muda mfupi, jambo ambalo halimaanishi kuwa maziwa yamekwisha.

Ushikaji mzuri una alama nne unazoweza kuziona kwa macho: kidevu kinagusa ziwa, mdomo umefunguka sana, mdomo wa chini umepinduka kwa nje, na sehemu nyeusi ya ziwa inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Mama akisikia maumivu makali mtoto anapovuta, aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo, amtoe, na aanze upya.

Swali la kama maziwa yanatosha hujibiwa na nepi na mizani, wala si wepesi wa maziwa yanapokamuliwa kwenye kikombe. Baada ya wiki ya kwanza mtoto anayetosheka hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24, na kwa mwezi huongezeka angalau gramu 500, jambo linaloonekana kwenye kadi ya kliniki. Kama mkojo ni wa manjano iliyokolea na uzito hauongezeki, mwoneshe muuguzi namna mtoto anavyonyonya. Usiongeze maji wala uji, maana kwa miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yanatosha hata katika joto la kaskazi.

Kuhusu chakula cha mama, naona akina mama wananyimwa mengi bila sababu. Kunde, maharage, pweza, embe na pilipili ya kiasi havihitaji kuachwa kwa sababu mtoto analia. Hali ni tofauti ikiwa choo cha mtoto kina michirizi ya damu au anatapika sana na ana ukurutu, kwa kuwa huenda mwili wake haupatani na protini ya maziwa ya ng'ombe, na hapo daktari ndiye wa kuamua mama aache nini.

Hatua ya tatu: joto, nguo na moshi

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, chumba chenye paa la bati kule Ngamiani au Mabawa huhifadhi joto mpaka usiku, na bado utamkuta kichanga amevishwa sweta, kofia ya sufu na soksi, na juu yake blanketi. Joto lake halipimwi kwa kugusa mikono na miguu, ambayo huwa ya baridi kidogo kwa kawaida, bali kwa kuweka kiganja nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na jasho, punguza nguo mpaka abaki na fulana nyepesi na nepi. Vipele vya joto shingoni na kwapani huondoka kwa kumwosha kwa maji na kumkausha vizuri, na poda haihitajiki.

Desturi ya kufunga madirisha magharibi ina faida ya kuzuia mbu, lakini huligeuza joto la chumba kuwa kubwa kuliko la nje katika saa ileile mtoto anapolia zaidi. Anayetaka kuyafunga, ayafungue tena baadaye na kumweka mtoto chini ya chandarua chenye dawa. Pamoja na hayo, usifukize ubani wala udi ndani ya chumba chake, usiwashe dawa ya mbu ya kuchoma karibu naye, na jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika chumba kilichofungwa, kwa sababu gesi yake huua bila harufu.

Hatua ya nne: kubeua

Baada ya kunyonya, msimamishe begani na umsugue mgongo kwa upole kwa dakika chache. Akibeua ni vizuri, na asipobeua hana tatizo. Kucheua maziwa kidogo mdomoni ni kawaida maadamu uzito unaongezeka.

Hatua ya tano: kubembeleza

Mtoto akishakaguliwa, akashiba, akawa mkavu na hana joto, bado anaweza kulia, na hapo kazi iliyobaki ni kubeba. Bibi zetu walikuwa na jibu hilo kwenye kanga, na utafiti umewaunga mkono. Mwaka 1986, Urs Hunziker na Ronald Barr, katika utafiti uliofanyika Kanada, walieleza kwamba watoto waliobebwa kwa muda zaidi kila siku, hata wasipokuwa wanalia, walipofika wiki sita walilia kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Barr na wenzake wakaeleza tena kuhusu Wasan, jamii ya wawindaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, ambao hubeba watoto karibu kutwa na kuwanyonyesha mara nyingi kwa saa: kilele cha kilio kipo hata kwao, ila kila kilio hudumu muda mfupi. Funzo kwa familia ya Tanga ni kwamba mtoto abebwe kuanzia alasiri, kabla hajaanza, na asisubiriwe mpaka apige kelele. Maneno kwamba mtoto akibebwa sana atadeka hayana nafasi kwa kichanga wa wiki sita, ambaye hana uwezo wa kupanga hila.

Kabla shingo haijakaza, mbebe kwa mbele, kifua kwa kifua, kanga ikishika mgongo na matako yake, magoti yakiwa yameinuka na mapaja yametanuka. Uso wake uonekane muda wote na kidevu kisikandamizwe kifuani, ili njia ya hewa ibaki wazi. Mbeleko ya mgongoni isubiri mpaka aweze kushika kichwa mwenyewe.

Kisha tembea. Si kumtikisa ukiwa umekaa, bali kutembea kwa hatua zilezile, bila kugeuka ghafla, kutoka chumbani hadi uani na kurudi. Watafiti wa Japani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2022, walipima mapigo ya moyo ya watoto na kuona kwamba kutembea na mtoto kwa dakika tano mfululizo kuliwatuliza wengi waliokuwa wakilia na baadhi wakalala, na kwamba wengi huamka wakilazwa haraka. Ushauri wao ni kukaa naye mikononi kwa dakika tano hadi nane zaidi baada ya usingizi kumchukua, ndipo alazwe. Mama anayelalamika kwamba mtoto anaamka kila akigusa godoro, ajaribu subira hiyo kwanza.

Sauti nayo husaidia, iwe wimbo wa kubembeleza wa bibi, dhikri, mlio wa feni, au sauti ndefu ya kunong'ona karibu na sikio. Mtoto mwingine hupenda kulazwa kifudifudi juu ya mkono wa baba, kichwa karibu na kiwiko na tumbo likigusa mkono, akisuguliwa mgongo polepole. Kukandwa tumbo kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa kidogo kiganjani, kwa mzunguko wa kufuata saa, ni jambo jema likifanywa akiwa macho na hajatoka kunyonya. Ila asirushwe juu, asivutwe viungo, na kichwa chake kisifinyangwe.

Kumfunga kwa kanga nyepesi humtuliza katika wiki za mwanzo, mradi nyonga ziwe huru kujikunja na hali ya hewa isiwe ya joto, na kuachwe mara anapoanza kujaribu kujigeuza. Anapolala alazwe chali, penye godoro gumu lisilo na mito, na mtu mzima asisinzie naye kwenye kochi.

Jaribu njia moja kwa dakika kadhaa kabla ya kuhamia nyingine. Mtoto anayepitishwa mikono sita kwa dakika kumi, huku taa ikiwaka na wote wakimwimbia, huchoka zaidi, na wakati mwingine tiba ni kumtoa sebuleni na kumpeleka mahali penye giza na kimya.

Usiyopaswa kumfanyia

Asali haifai kabisa kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli ya mtoto mpaka ashindwe kupumua. Dawa za chango za mizizi hazina kipimo kinachojulikana, na ini na figo za kichanga haziwezi kuzimudu, na dawa za gesi za chupa hazijathibitishwa kumaliza kilio cha namna hii. Wanja ukipakwa machoni ni hatari, kwa kuwa baadhi una risasi ndani yake.

Yapo mawili mengine ambayo huumiza watoto wetu mpaka leo. Moja ni kukata kimeo kwa sababu mtoto anakohoa, anatapika au anakataa ziwa, na jingine ni kung'oa kinachoitwa meno ya nailoni. Kile kinachoonekana cheupe ndani ya ufizi ni jino lake halisi ambalo halijatoka, na kulichokoa humletea damu nyingi, maambukizi, na kuharibika kwa meno yatakayokuja. Mtoto mwenye homa au kuhara apelekwe hospitali, na ufizi wake uachwe.

Mzazi anapofika mwisho wa uvumilivu

Kilio cha saa tatu humfikisha hata mzazi mpole mahali pabaya. Ukihisi hasira inapanda, mlaze mtoto chali chini ya chandarua, funga mlango, nenda uani unawe uso, na urudi baada ya dakika tano hadi kumi. Hatapata madhara kwa kulia muda huo. Akitikiswa kwa nguvu hata kwa sekunde chache, ubongo wake unaweza kuvuja damu, akapofuka au kufa, na hili aambiwe kila atakayeachiwa mtoto, akiwemo dada wa kazi.

Kwa kuwa kilele kinajulikana kitakuja lini, familia ipange kabla. Bibi anayeweza kubaki wiki mbili baada ya arobaini atasaidia zaidi kuliko anayekuja wiki mbili kabla yake. Baba achukue zamu ya kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, mama alale, na mtoto aletwe kwake kunyonya tu. Wageni waje asubuhi.

Mama ambaye analia bila sababu kwa zaidi ya wiki mbili, hapati usingizi hata mtoto akilala, hana hamu ya kumshika mwanawe, au anapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, anaweza kuwa na sonona baada ya kujifungua. Ni ugonjwa unaotibika, na muuguzi wa kliniki ya mtoto ni mtu sahihi wa kumweleza. Mwenye mawazo ya kudhuru asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo.

Ukienda kumwona daktari

Chukua kadi ya kliniki, na kwa siku tatu kabla ya kwenda, kama mtoto hana dalili za hatari, andika kwenye daftari saa kilio kinapoanza na kinapoisha, saa alizonyonya, nepi alizolowesha, na rangi ya choo. Taja kila dawa aliyopewa, hata ile ya bibi, bila kuogopa kugombezwa, kwa sababu daktari anaweza kukosea matibabu asipoijua. Ikiwa mtoto ametimiza miezi minne na kilio hakijapungua, au kilikuwa kimepungua kikarudi kwa nguvu, mpeleke apimwe hata kama ananyonya vizuri.